Jiko la moshi kwa pipa la lita 200

Pipa la chuma la lita 200, lenye kipenyo cha sentimita 57 hivi na kimo cha sentimita 88, latosha kuokea mabega mawili ya mbuzi na kuku wawili kwa mpigo mmoja. Halihitaji kuchomelewa mwili wake. Linahitaji matundu yaliyopimwa vizuri, na mtu asiyeacha hewa ipite pasipotakiwa. Muchomo wa kando ya barabara huivia juu ya makaa wazi, tena kwa haraka. Hapa nyama hukaa saa mbili hadi tano katika moshi mwembamba wa nyuzi 110 hadi 125 za Selsiasi, na hewa ndiyo inayolishikilia joto hilo.

Pipa lenyewe kwanza, maana ukikosea hapa hakuna fundi wa kukuokoa. Katwe na Kisenyi, jijini Kampala, mapipa hayakosekani, lakini tafuta lililobeba chakula: mafuta ya kupikia, asali, molasi au maji ya matunda. Muulize muuzaji, "Mzee, hili lilibeba nini?" kisha usiishie kwenye jibu lake. Fungua, nusa, mulika ndani kwa tochi. Mimina maji kidogo na uyatazame juani. Yakitandaza utando wa rangi rangi kama upinde wa mvua, mna oili au mafuta ya gari. Pipa la oili ya injini bado lafaa ukilichoma sawasawa, ila liwe chaguo la pili. Lililobeba dawa ya mimea, tindikali, gundi au rangi liache hata ukipewa bure. Liache pia lililopakwa zinki, lile la rangi ya fedha yenye madoa kama maua, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaomtia mtu homa na kubana kifua.

Chukua lenye kifuniko kinachotoka chote na kubanwa kwa pete. Lililozibwa juu hukatwa kwa patasi au grainda, na hapo ndipo watu huumia. Mvuke wa petroli au dizeli unaobaki ndani hulipuka kwa cheche moja, hata kama pipa limekaa tupu mwaka mzima. Kama huna budi kulikata, lisafishe kwa maji ya moto na sabuni, kisha lijaze maji hadi karibu na mstari wa kukatia, vizibo vyote vikiwa wazi. Mitungi ya gesi usiiguse kabisa.

Ng'oa mpira ulio chini ya kifuniko, ungeungua tu. Kisha toboa matundu kabla ya kulichoma pipa, kwa sababu moto wa kusafisha unahitaji hewa.

Chini, sentimita 5 kutoka sakafu, toboa matundu matatu yenye umbali sawa kulizunguka pipa. Kila tundu liwe na milimita 27, kwa kuwa bomba la inchi robo tatu lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 27. Fundi akikutobolea 32 kwa sababu ndiyo biti aliyo nayo, utapigana na joto kila utakapowasha. Matundu hayo yatavaa vipande vifupi vya bomba vyenye nyuzi za kukazia ncha zote mbili, vibanwe kwa nati ndani na nje. Viwili vifungwe kwa vifuniko vya bomba, cha tatu kivae koki ya chuma ya kugeuza kwa mpini. Mabomba haya huwa na zinki, lakini hayana madhara hapo chini kwa sababu hewa baridi ndiyo inayopita ndani yake. Mafundi wengi watakushauri kipande cha bati kinachozunguka kwenye skrubu moja kizibe tundu. Kataa. Pipa ni duara na bati ni bapa, kwa hiyo pembeni hubaki mwanya, na mwanya huo ndio hupandisha joto hadi nyuzi 160 wakati wewe unadhani umefunga.

Juu, kwenye kifuniko, toboa matundu manane ya milimita 13 katika mduara. Jumla ya eneo lake inakaribia ile ya mabomba matatu ya chini, hivyo kinachoingia hupata pa kutokea. Matundu ya juu hayafungwi wakati wa kupika. Ukiyaziba ili kupunguza joto, moshi hutuama, masizi hutua juu ya nyama, na itakuwa chungu hata uioshe. Joto hupunguzwa chini, juu ni pa kupumulia.

Sentimita 18 kutoka ukingo wa juu, piga bolti nne za milimita 8 zinazoingia ndani sentimita 4. Hizo ndizo zitakazobeba wavu wa nyama. Sentimita 2 chini yake toboa tundu la kipimajoto chenye shina refu. Wavu uwe na kipenyo cha sentimita 54, wa vyuma laini vya mviringo vya milimita 6, nafasi kati ya chuma na chuma milimita 12. Usitumie nondo, kwani mistari yake hushika mafuta na haisuguliki. Kazi hii ya wavu mpe fundi wa kuchomelea, naye asipake rangi.

Kapu la makaa litengenezwe kwa wavu mzito wa chuma, ule wa madirisha ya maduka, usio na rangi wala zinki. Kipenyo sentimita 40, kimo 20, na miguu ya nondo inayoinua sakafu yake sentimita 8. Chini yake weka sahani ya bati nene ya kupokea majivu. Sasa kuna sentimita 60 kati ya sakafu ya kapu na nyama. Mafuta yanayodondoka kutoka huko hugeuka moshi mtamu. Ukilileta kapu karibu yatawaka moto na kuibabua nyama.

Sasa lichome. Jaza kuni kavu, fungua matundu yote, acha kifuniko pembeni, liunguze saa mbili au zaidi hadi rangi ya nje iwe kijivu na kuchubuka. Fanya hivyo mbali na nyumba, na usisimame upande moshi unakoelekea. Koki ya mpini iwe bado haijawekwa, kwa maana mna plastiki ndani yake. Pipa likipoa, sugua kwa brashi ya waya, na ikibidi kwa grainda, mpaka chuma chenyewe kionekane. Mapipa mengi ya chakula yana ngozi nyekundu-kahawia ndani ambayo haitoki kwa moto hafifu. Ikibaki hata kipande, rudia. Osha, kausha, paka mafuta ya kupikia ndani nzima kwa kitambaa, kisha washa moto mdogo wa nyuzi 130 kwa saa tatu bila chakula. Rangi ya kustahimili joto ipakwe nje tu.

Kabla ya nyama ya kwanza, lijaribu gizani: weka tochi inayowaka ndani, funika, zunguka pipa. Kila mahali unapoona mwanga, nje ya yale matundu manane, hewa inavuja. Kwenye nati, kaza. Kwenye ukingo wa kifuniko, udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu hadi uwe kama ugali mlaini huziba vizuri, na hubanduka kirahisi unapofungua.

Makaa yapepete kwanza, kwa kuwa vumbi lake huziba kapu na moto hufa katikati ya kazi. Tangu amri ya rais ya Mei 2023 dhidi ya biashara ya makaa kaskazini mwa Uganda, kuna sababu zaidi ya kuuliza gunia limetoka wapi, na mti wa shea, ule wa kaskazini unaotoa mafuta, haufai kuteketezwa kwa ajili ya kuku. Kapu lijazwe makaa ambayo hayajawashwa, lenye shimo katikati. Tia kwenye shimo makaa kumi na mawili yaliyokwisha kuiva. Moto utatembea kutoka katikati kwenda nje polepole, ndiyo maana hudumu.

Kwa moshi, weka vipande vitano vya mti mkavu, ukubwa wa ngumi. Mwembe, mpera, mparachichi, mfenesi, na hasa mashina ya zamani ya mbuni yanayokatwa mashamba ya kahawa yakifufuliwa. Kalitunsi (mkalitusi) na msonobari acha, utomvu na mafuta yake hutia nyama ladha ya dawa ya kikohozi.

Anza na matundu yote matatu wazi. Ikifika nyuzi 95 funga moja, 105 funga la pili, kisha cheza na koki. Likamate joto likiwa bado linapanda, kwani likishapita 140 litachukua saa nzima kushuka. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito, subiri. Unapokuwa mwembamba, wa samawati, hata huuoni vizuri mpaka usimame dhidi ya kivuli, weka nyama.

Kuku wa kisasa aliyepasuliwa huchukua saa mbili na nusu hivi, wa kienyeji zaidi ya tatu. Ndani pafike nyuzi 74. Bega la mbuzi la kilo mbili, saa tano. Ngege (samaki aina ya sato) mzima, aliyelowekwa saa moja katika maji yenye gramu 70 za chumvi kwa lita, saa moja na nusu hadi mbili. Bega likifika nyuzi 70 hivi linaweza kusimama hapo saa nzima, kwa sababu jasho la nyama linaipoza. Usiongeze makaa. Kipimajoto kijaribiwe kwenye maji yanayochemka, ila Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96, basi usikitupe kwa kutoonyesha 100.

Unapoinua kifuniko, egemea upande, maana hewa mpya huamsha moto na unaweza kupanda usoni. Mvua ikija usiliingize pipa ndani ya nyumba wala gereji. Makaa hutoa hewa inayoua bila harufu. Ukimaliza, funga chini na uzibe matundu ya juu kwa vigingi vya mti. Makaa yatazimika, na asubuhi utayapepeta utumie tena. Majivu yatoe siku hiyohiyo, kwa sababu yakishika unyevu hula sakafu ya pipa kabla ya mahali pengine popote.