Jinsi ya kufunga AC ya pakeji nje ya nyumba, hatua kwa hatua

Fundi aliyejifunzia kazi Dar, Mombasa au Bujumbura akifika huku Phoenix, Arizona, kinachomshangaza kwanza ni mashine zenyewe. Nyumbani tumezoea split: koili ukutani, kompresa nje, na katikati mabomba ya shaba unayoyafunga mwenyewe. Huku nyumba nyingi zina pakeji. Kompresa (pampu ya kusukuma gesi), koili zote mbili (ya baridi na ya joto), feni na hita vimo ndani ya boksi moja la bati. Boksi linakaa nje, juu ya paa au chini kwenye zege, na nyumbani zinaingia dakti mbili tu: moja inapeleka hewa, nyingine inairudisha.

Gesi ya kupozea imeshajazwa na kufungwa kiwandani. Huna bomba la kuchomelea. Vijana ninaofanya nao kazi nawaambia hivi: shika hewa, shika maji, shika umeme, gesi iache ilivyo. Pakeji changa nilizoitwa kuzitibu, karibu zote zilikuwa zinaumwa moja ya hayo matatu.

Hapa naeleza kubadilisha pakeji ya tani 3 (tani hapa ni nguvu ya kupoza, si uzito) iliyo chini, kando ya nyumba. Ni pampu ya joto, yaani hiyo hiyo inapoza wakati wa joto na kupasha wakati wa baridi. Kabla ya yote, kazi hii huku inafanywa chini ya mkandarasi mwenye leseni ya jimbo, kwa kibali cha manispaa, na anayegusa gesi lazima awe na cheti cha EPA 608, cha idara ya mazingira ya Marekani. Kama huna, fanya kazi chini ya aliye nacho huku ukijiandaa kwa mtihani.

Hatua ya 1: Pima njia ya hewa kabla ya kuagiza mashine

Tani 1 ni BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa, na kila tani inataka takriban futi za ujazo 400 za hewa kwa dakika. Tani 3 zinataka 1,200. Angalia kama dakti zilizopo zinaweza kupitisha hewa hiyo.

Mwenye nyumba aliyechoshwa na joto atakuomba mashine kubwa zaidi. Ninamwelewa. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo zenye nyuzi 110 za Farenhaiti au zaidi, ambazo ni zaidi ya 43 za Selsiasi. Lakini ukiweka tani 4 kwenye dakti za tani 3, hewa inakabwa, koili inaweza kuganda barafu, bili inapanda, na chumba cha mwisho bado kinachemka. Piga hesabu ya nyumba yenyewe: madirisha, dari, ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Halafu nenda kwenye grili ya kurudisha hewa. Kwa filta ya inchi 1, mimi sitaki hewa izidi kasi ya futi 300 kwa dakika. Gawanya 1,200 kwa 300, unapata futi za mraba 4. Grili moja ya inchi 20 kwa 20 haifiki hata 3. Hapo inabidi grili ya pili, na umweleze mwenye nyumba mapema, maana ni pesa yake.

Hatua ya 2: Toa mashine ya zamani

Zima breka, zima swichi ya nje, kisha pima. Mita ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, pima mashine, halafu ijaribu tena pale pale. Mita iliyokufa inaonyesha sifuri kama waya uliokufa.

Gesi usiiachie hewani, sheria inakataza. Uzuri wa pakeji ni kwamba inaweza kuondoka nzima na gesi yake hadi kwa mwenye vifaa vya kuivuta. Ukikuta ni R-22, fahamu kwamba tangu 1 Januari 2020 gesi hiyo haitengenezwi wala kuingizwa Marekani, kwa hiyo iliyobaki ina thamani.

Hatua ya 3: Zege

Zege la inchi 4, limesimama juu kidogo ya ardhi ili mvua za Julai na Agosti zisiingie chini ya mashine, na lisigusane na msingi wa nyumba, la sivyo mtetemo wa kompresa utalala na watu chumbani. Weka pima maji kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Zege likikosea, bora liegemee kidogo upande wa tundu la kutolea maji yanayodondoka kwenye koili. Kinyume chake, maji yatabaki ndani ya sinia la koili na kuota ukungu. Chini ya pembe nne weka vipande vya mpira mgumu.

Upande wa umeme acha inchi 36 za fundi kusimama. Pande za koili fuata kitabu cha mashine. Kama kuna ua wa mbao umesogea sana, ongea na mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Simamisha mashine

Ina uzito wa paundi 400 hivi, kama kilo 180. Tumia toroli au winchi, watu wawili au watatu, na isilazwe ubavu. Kabla hamjaishusha kwenye lori soma kibati chake: tani, volti, aina ya gesi. Mashine mpya za nyumbani siku hizi zinakuja na R-454B au R-32, ambazo zinaweza kushika moto, ingawa kwa shida. Nyingi zina kihisi cha kunusa gesi ikivuja; kikinusa kinasimamisha kompresa na kuwasha feni. Usikiunganishe moja kwa moja ili kukipita, hata kama kinakusumbua saa kumi na moja jioni na unataka kwenda nyumbani. Kuna watoto wanalala mwisho wa dakti hiyo.

Hatua ya 5: Dakti

Hapa usiwe na haraka. Kati ya mashine na dakti weka shingo ya turubai ili mtetemo usisafiri. Funga kwa skrubu za bati, kisha paka gundi ya dakti kwa brashi, nene kama siagi ya karanga juu ya mkate, ipite skrubu zote na maungio yote. Tepu ya kitambaa ya kijivu haivumilii jua la huku; inakauka na kubanduka.

Dakti ya kurudisha hewa ndiyo ya kuogopa zaidi. Ikivuja ya kupeleka, unapoteza hewa baridi. Ikivuja ya kurudisha, mashine inavuta hewa ya nje ya nyuzi 110 pamoja na vumbi lake, bila kupita kwenye filta, na kuimwaga kwenye koili. Njia yangu ya kupima ni ya nyumbani kabisa: washa feni peke yake, washa kijiti cha udi, kisha kipitishe taratibu kando ya kila ungio la dakti ya kurudisha. Moshi unapanda wima. Ukifika penye tundu, unapinda ghafla na kumezwa na bati. Weka alama kwa kalamu, zima feni, paka gundi tena, rudia mpaka moshi upande wima kote.

Dakti zilizo nje zivishe insulesheni ya kiwango cha R-8, na juu yake kifuniko kisichoharibiwa na jua. Ukutani zinapoingia, ziba pande zote ili maji na panya wasipate njia.

Hatua ya 6: Maji

Nitasema kosa langu hapa. Msimu wangu wa kwanza huku nilifunga pakeji, nikatoa bomba la maji likanyooka hadi kwenye changarawe. Mwezi Agosti, unyevu ulipokuja, dada mwenye nyumba alinipigia: dari ya korido ilikuwa na doa la kahawia pembeni ya grili, na zulia chini yake lilikuwa limelowa. Bomba halikuwa limeziba hata kidogo.

Feni ya pakeji nyingi inavuta hewa kupitia koili, kwa hiyo ndani ya sinia kuna mvuto. Bomba likiwa wazi, hewa ya nje inafyonzwa kupitia humo na kuyazuia maji yasitoke. Sinia linajaa, feni inarusha matone ndani ya dakti. Ndiyo sababu bomba lazima lipinde kama herufi U, mtego kama ulio chini ya sinki la jikoni, ili maji yaliyobaki mle yazibe njia ya hewa. Tumia PVC ya inchi 3/4. Mdomo wa kutokea wa mtego uwe chini ya tundu la sinia kwa kipimo cha kitabu. Mimi sishuki chini ya inchi 2. Baada ya mtego bomba lishuke angalau inchi 1/4 kwa kila futi, na liwe na tundu la hewa lililo wazi. Mimina kikombe cha maji ndani ya mtego kabla ya kuwasha. Jangwani maji hayo hukauka miezi ya baridi, basi mfundishe mwenye nyumba kuyarudishia kila mwezi Mei.

Hatua ya 7: Umeme mkubwa

Sahau fezi na nyutro za nyumbani. Huku 240 inapatikana kwa waya mbili, kila mmoja una volti 120 ukipimwa na ethi, na zote mbili zinaua. Ukikata mmoja, mashine inanyamaza lakini bado ina umeme ndani. Kwa kawaida nyutro haihitajiki. Ni waya mbili na ethi.

Kibati kina namba mbili muhimu: ampea za chini ambazo waya lazima uzibebe, na breka kubwa inayoruhusiwa. Unene wa waya unafuata ya kwanza, breka haizidi ya pili. Kama umeweka hita ya umeme ya kilowati 5, yenyewe inakula karibu ampea 21 kwa volti 240. Zidisha kwa 1.25, unapata 26. Mashine nyingi zinataka hita iwe na laini yake, kitabu kitasema. Swichi ya kukatia umeme iwe mahali ambapo fundi aliye kwenye mashine anaiona. Kaza skrubu kwa spana ya kipimo.

Hatua ya 8: Waya za themostati

Themostati ni kidhibiti cha baridi na joto ukutani; waya zake ni za volti 24. R ni umeme unaokuja, C ni njia ya kurudi, G feni, Y kompresa, W hita, na O au B ni vali inayogeuza mashine kati ya baridi na joto. Mashine nyingi zinatumia O, yaani vali inapata umeme wakati wa kupoza. Chache zinatumia B, wakati wa kupasha. Ukikosea kuchagua kwenye themostati, mtu ataomba baridi apate joto. Kabla hujailaumu mashine, kagua hapo. Na funga waya hizi umeme ukiwa umezimwa: R ikigusa C mara moja, fyuzi ya bodi imekwenda, na usipokuwa na fyuzi ni transfoma.

Hatua ya 9: Washa na upime

Iache ipoze dakika 20 hivi. Pima hewa inayorudi na inayotoka, karibu na mashine. Tofauti ya nyuzi 18 hadi 22 za Farenhaiti, ambazo ni 10 hadi 12 za Selsiasi, inaridhisha. Ikizidi sana, hewa ni chache: rudi kwenye filta na dakti. Ikipungua sana, fikiria hewa ya nje inayoingia kabla ya kufikiria gesi. Pima pia shinikizo la dakti; mashine nyingi zinakadiriwa kwa inchi 0.5 za maji (kipimo cha shinikizo), na nikiona 0.8 sisaini karatasi.

Mipira ya geji ya kupimia gesi usiifunge kwenye mashine mpya kwa udadisi tu. Kila ukifunga na kufungua, kidogo kinatoka. Ifunge pale vipimo vya hewa viko sawa na bado baridi haitoshi.

Geuza iwe joto, hata kama nje kunawaka, dakika chache zinatosha. Pima ampea za kompresa na za hita, andika namba zote kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa mashine, na tarehe. Kisha mwite mwenye nyumba. Wiki iliyopita ilikuwa mama mmoja kutoka Bukavu. Nilimpa filta mkononi, nikamwonyesha mshale wa mwelekeo wa hewa. "Mama, huu mshale uangalie kwenye mashine." Akaiingiza mwenyewe, akaitoa, akaiingiza tena, akaniambia, "Sasa nimeshika, baba."