Auti au salama: jinsi ya kuamua softiboli ya burudani

Ubishi kwenye softiboli ya wikendi, mchezo unaofanana na besiboli, una sura mbili, na ampaya (mwamuzi) asiyezitofautisha atakesha akigombana na manahodha. Kuna ubishi wa jicho: mkimbiaji aliwahi beisi (kituo anachokimbilia; mpira ukimtangulia ni auti, yaani ametolewa) au hakuwahi, mpira ulipita juu ya sahani, kibao cha ardhini anaposimama mpigaji, au pembeni. Hapo neno la ampaya ni la mwisho, hakuna rufaa. Na kuna ubishi wa kanuni: ampaya katoa beisi moja pale kitabu kinapotaka mbili. Hapo timu ina haki ya kupinga, mradi iseme kabla ya mtupo unaofuata. Nahodha akikufuata, sikiliza kwanza anauliza lipi. Akisema "alikuwa salama, bwana," mweleze ulichokiona kwa sentensi moja, mchezo uendelee. Akisema "kanuni haisemi hivyo," simamisha mchezo, muite ampaya mwenzako, mkazungumze mbali na wachezaji.

Maelezo haya ni ya softiboli ya mtupo wa polepole (slow-pitch), inayochezwa na watu wazima kwenye ligi za burudani Marekani, na yanafuata kanuni za USA Softball, shirikisho la mchezo huo nchini humo. Ligi nyingi huongeza kanuni zake ndogo. Zisome kabla hujavaa kofia.

Straiki

Mtupo halali hupanda angalau futi 6 kutoka ardhini (mita 1.8) na hauzidi futi 10 (mita 3). Ukiona umepita juu au umekosa kimo, tangaza papo hapo mpira ukiwa bado hewani, ili mpigaji ajue. Akiamua kuupiga hivyo hivyo, kosa limefutika na mchezo unaendelea. Akiuacha, ni boli, yaani mtupo mbovu unaohesabiwa kwa faida ya mpigaji.

Mpira ni straiki (mtupo mzuri unaohesabiwa dhidi ya mpigaji) ukipita juu ya sehemu yoyote ya sahani, kati ya bega la nyuma la mpigaji na goti lake la mbele, akiwa amesimama kawaida. Ampaya wengi hukosea kwa sababu macho yao yako kwenye glovu ya mdakaji. Mpira wa namna hii hushuka kwa mteremko mkali: unaopita usawa wa goti hutua hatua chache tu nyuma ya sahani, na kwa jicho la haraka unaonekana mfupi. Amua ulipokuwa juu ya sahani, siyo ulipotua. Ukigonga sahani yenyewe au ardhi kabla ya kupigwa, ni boli. Ligi inayotumia mkeka nyuma ya sahani ni habari nyingine: huko unaangalia kama mpira umetua kwenye mkeka, magoti unayasahau.

Beisi ya kwanza

Hapa ndipo kazi ya ampaya inapopimwa. Simama pembe mraba na njia ya mpira unaorushwa, mita 5 hivi kutoka beisi. Macho yakae kwenye beisi na mguu wa mkimbiaji, mpira uusikilize. Sauti ya mpira kuingia kwenye glovu ikitangulia mguu unaouona ukigusa beisi, auti. Njia hii inafanya kazi ukiwa karibu tu. Ukibaki nyuma ya sahani, karibu mita 20, sauti inakufikia ikiwa imechelewa takriban sekunde 0.06, na mkimbiaji wa kasi ya mita 6 kwa sekunde ameshasogea sentimita 35 zaidi. Yaani utakuwa unawapa usalama watu waliokuwa auti. Ukiwa ampaya peke yako, toka nyuma ya sahani mpira unapopigwa tu, uingie uwanjani.

Ukishaona na kusikia, usiinue mkono bado. Tazama tena glovu: mpira umo? Mlinzi (mchezaji wa timu inayozuia) akiudondosha kwa kuwa hakuwa ameushika sawasawa, mkimbiaji ni salama. Akiudondosha wakati anautoa ili aurushe kwingine, alikuwa ameshaudaka, na auti inabaki. Pumzi moja ya kusubiri inatosha kuona tofauti hiyo.

Msemo kwamba "wakifika sawa, ni ya mkimbiaji" haumo kitabuni kwa maneno hayo. Kanuni inasema mpigaji ni auti mpira ukifika beisi ya kwanza *kabla* yake. Basi jiulize swali hilo moja tu. Penye beisi pacha (mbili zilizoungana kando kwa kando), nyeupe ni ya mlinzi na ya rangi ya chungwa ni ya mpigaji anayekimbia, pale mpira unaporushwa hapo.

Mlinzi anapotakiwa kumgusa mkimbiaji kwa mpira, kanuni ya mita 5 haikufai. Sogea hadi mita 3 au 4, ukae mahali unapouona mwanya kati ya glovu na mwili. Na uangalie mpira uko mkono gani. Kumgusa mtu kwa glovu tupu huku mpira uko mkono wa pili si kitu.

Infildi-flai

Hii ni kanuni inayomfanya mpigaji awe auti ampaya akiitangaza, mpira udakwe usidakwe. Masharti yake yanatakiwa yote kwa pamoja: auti hazijafika mbili, kuna wakimbiaji beisi ya kwanza na ya pili, au beisi zote zimejaa, mpira umepigwa juu ndani ya mistari, siyo wa kunyooka, na mlinzi wa ndani anaweza kuudaka kwa juhudi ya kawaida. Lengo ni kumlinda mkimbiaji. Bila kanuni hii mlinzi angeuangusha makusudi, kisha apate auti mbili za bure.

Juhudi ya kawaida haipimwi kwa mstari wa nyasi. Mlinzi aliyerudi hatua kadhaa kwenye nyasi, akageuka na kutulia chini ya mpira, anatimiza sharti. Anayekimbia huku amenyoosha mkono mgongoni, hapana. Subiri mpira ufike kileleni, uone mlinzi ametulia, ndipo utangaze kwa sauti ya kufika kila beisi. Ukiwa karibu na mstari, ongeza "ukiwa wa ndani", kwa sababu ukitoka nje bila kudakwa unahesabiwa mpira wa nje tu. Mpigaji ni auti hata ukianguka, lakini mchezo haujasimama: wakimbiaji wanaweza kusonga kwa hatari yao.

Waligongana: kosa la nani?

Usiangalie nani kaanguka. Angalia mlinzi alikuwa anafanya nini.

Alikuwa anauchukua mpira uliopigwa? Njia ni yake. Mkimbiaji aliyemzuia ni auti hata kama hakukusudia, mpira unakufa (mchezo unasimama) hapo hapo, na wengine wanarudi beisi ya mwisho waliyokuwa wameigusa, isipokuwa wale wanaosukumwa mbele na mpigaji anayepewa beisi ya kwanza. Haki hiyo ni ya mlinzi mmoja tu kwa kila mpira.

Hakuwa na mpira, wala hakuwa akiuchukua uliopigwa, bali kasimama njiani? Hicho ni kizuizi. Usisimamishe mchezo, nyoosha mkono wa kushoto kando, ngumi imefumbwa, ufuate kinachoendelea. Mwisho wake unampa mkimbiaji beisi ambayo kwa hukumu yako angeifikia. Akiguswa kwa mpira kati ya beisi mbili alipozuiwa, mpira unakufa na hawi auti. Lakini kinga hiyo haimwokoi akiingilia mlinzi mwingine au akiruka beisi.

Mpira ukitoka uwanjani

Mlinzi akirusha mpira ukapita uzio au ukaingia benchi, kila mkimbiaji anapata beisi mbili. Zinahesabiwa kuanzia alipokuwa *mpira ulipoachia mkono wa mrushaji*, siyo ulipotoka. Wakati wa mrusho tupa jicho kwa wakimbiaji, kisha ufuate mpira. Ukitoka, inua mikono juu na kutangaza umekufa, halafu wapange ukianza na aliye mbele kabisa. Ukianza na wa nyuma, utajikuta umewaweka wawili kwenye beisi moja.