SOMO: Kutembelea Makumbusho ya Uganda pale Kitante, Kampala (soma lote kabla hujauliza)

Kila muhula maswali ni yale yale. Makumbusho iko wapi, kuna nini cha kuona, watoto wataruhusiwa? Nimejibu kwa simu, nimejibu msibani, juzi nimejibu nikiwa nyuma ya boda na mvua inanyesha. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii na kunyamaza.

Jambo moja kwanza. Wengi huenda wakidhani ni nyumba ya vitu vya wazee tu: ngoma, mikuki, vibuyu. Vipo, sikatai. Ila mimi wanafunzi wangu huwapeleka pale kusoma mazingira. Karibu kila kitu kilichomo kabatini kilikuwa mti, ngozi, udongo au nyasi za mahali fulani Uganda, na baadhi ya mahali hapo leo huwezi kupatambua. Ingia na swali hili: hiki kilitoka wapi, na huko bado kipo?

Hatua ya 1: Kufika. Barabara ya Kira, ukishapita mzunguko wa Mulago na kabla ya Kamwokya. Panda taksi yoyote ya Kamwokya au Ntinda inayopita njia hiyo. Kondakta asipoelewa "makumbusho", mwambie Uganda Museum.

Hatua ya 2: Getini. Beba kitambulisho. Kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni, na wanafunzi wana chao. Kabla ya kutoa simu upige picha, uliza.

Hatua ya 3: Usiingie bado. Simama kwenye majani mbele ya mlango utazame jengo. Aliyelichora ni Ernst May, msanifu Mjerumani wa Frankfurt ambaye kwao alijenga mitaa mizima ya nyumba za watu wa kawaida, kisha mwaka 1934 akaja Afrika Mashariki. Ndiye pia aliyechora mpango wa kupanua Kampala upande wa Kololo na Naguru miaka ya 1940. Makumbusho yenyewe yalianza 1908 kwenye ngome ya Lugard, yule kapteni Mwingereza, kilima cha Old Kampala, yakahamia Makerere 1942, na 1954 ndipo yakapata nyumba yao hapa Kitante.

Angalia juu, karibu na paa. Madirisha yako huko kwa sababu: hewa ya moto hupanda, basi ipewe njia ya kutokea, mwanga nao uingie bila jua kuunguza vilivyomo. Linganisha na majengo ya vioo yanayoota Kampala kila mwezi, ambayo umeme ukikatika wafanyakazi wote wako nje wanajipepea na mafaili. Mwaka 2011 serikali ilikuwa na mpango wa kulibomoa jengo hili ili ijenge jumba la biashara la ghorofa 60. Watetezi wa urithi wakaenda mahakamani. Hilo hapo, unalitazama.

Hatua ya 4: Makabati ya ndani. Hapa ndipo safari nyingi za shule hufia, kwa hiyo soma polepole. Mwalimu anaingiza watoto themanini, anasema "andikeni!", na kila mtoto ananakili kibao huku amelaza daftari mgongoni kwa mwenzake. Wanatoka na kurasa tatu za maneno. Waulize nguo ya gome ina rangi gani, wanatazamana.

Onyo: kalamu zibaki kwenye begi hadi mwisho. Onyo la pili: usijaribu kumaliza kila kabati, chagua vitu vitano. Onyo la tatu, kwa walimu wenzangu: usisimame mbele ya kioo ukahutubia. Wewe unene, na watoto wako nyuma yako.

Chukua hiyo nguo ya gome, lubugo. Mwambie mtoto asogee mpaka pua ikaribie kioo. Ataona mistari midogo iliyobanana, kama kitambaa kilichofumwa. Haikufumwa. Ni alama za nyundo za mti zenye mifereji: ya mifereji minene huanza, ya mifereji myembamba humaliza. Akikuta kiraka kilichoshonwa, mwambie hapo gome lilikuwa na tundu, pengine palipoota tawi. Sasa mweleze kazi ilivyo. Fundi hukwangua gome la nje la mti wa mutuba, hukata pete juu na chini ya shina, hupasua mstari mmoja wima, kisha hupenyeza kipande cha mgomba na kulibandua taratibu bila kuujeruhi mti. Shina lililobaki uchi hulivisha majani ya mgomba lisikauke. Gome jipya huota, na mti uleule huvunwa tena msimu mwingine, miaka kwa miaka. Mti haukatwi. UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa urithi wa dunia wa utamaduni mwaka 2005, ila mtoto hahitaji kuanza na UNESCO. Muulize: kwenu kuna mutuba? Nani aliupanda? Wengi watajibu kwamba ulikuwepo, ukakatwa wakajenga mizigo, yaani vyumba vya kupangisha.

Hatua ya 5: Visukuku. Watu hupita hapa mbio kwa sababu mifupa haina rangi. Rudi nyuma. Karamoja ya leo tunaijua kwa ukame na ng'ombe. Miaka kama milioni 20 iliyopita Napak, huko huko Karamoja, ilikuwa volkano, na majivu yake yalifunika mifupa ya wanyama ikahifadhika. Mwaka 2011 timu ya watafiti wa visukuku Martin Pickford na Brigitte Senut ilipata huko fuvu la sokwe wa kale, *Ugandapithecus*, dume. Moroto nako yalipatikana mabaki ya sokwe mwingine, *Morotopithecus*, wa miaka milioni 21. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba viumbe hao walikuwa wa msitu mnene na walikula matunda. Mwaka 2023 yakachapishwa matokeo mengine: yule wa Moroto alikula majani, tena aliishi kwenye pori la miti iliyoachana, lenye nyasi chini na majira ya kiangazi. Nyasi za namna hiyo zilidhaniwa zilienea Afrika zaidi ya miaka milioni 10 baadaye. Kwa hiyo hadithi ya mababu wa mtu kutoka msituni kwenda kwenye nyasi imebidi iandikwe upya, na ushahidi umetoka Karamoja.

Hatua ya 6: Ala za muziki. Usigonge ngoma bila ruhusa. Akiwepo mpigaji, kaa chini usikilize.

Hatua ya 7: Nyumba za nyuma. Uani kuna nyumba za asili za sehemu mbalimbali za nchi. Ingia ndani, nyamaza kidogo, usikie ubaridi wake, halafu utoke juani. Ni somo lile lile la Ernst May, ila hawa hawakwenda chuo.

Basi. Maswali chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Nansana: Iko wapi hii na ni bei gani?

Mwandishi: Hatua ya 1. Hatua ya 2.

Kijana wa Nansana: Sijaona bei hapo.

Mwandishi: Kwa sababu sikuiandika. Bei hupangwa na wenyewe. Nikiandika leo wakapandisha kesho, utanitukana mimi.

Mama Shamim: Mwalimu, shikamoo. Mimi nina wawili, wa miaka minne na sita. Hayo mambo ya mamilioni ya miaka si yatawachosha?

Mwandishi: Marahaba mama. Yatawachosha, umeona mbali. Anza nao kinyume: nyumba za nyuma kwanza, wachungulie, wakimbie kwenye majani. Kisha ngoma. Kisha kitu kimoja tu ndani, wachague wenyewe. Nenda asubuhi mapema, maana muhula ukiendelea mabasi ya shule huanza kumwaga watoto saa nne na huwezi hata kusogea kwenye kioo. Mkubwa akipenda wanyama kuliko vitu, siku nyingine mpeleke kituo cha wanyama Entebbe, halafu mtembee bustani ya mimea iliyo jirani, ile ya tangu 1898. Beba nguo za kubadilisha, ziwa liko karibu.

Fundi Simu Wandegeya: Samahani, lakini naona tunawasifia wazee kupita kiasi. Hao hao waliua wanyama wakatengeneza ngoma. Mazingira gani hapo?

Mwandishi: Hili swali nalipenda, wala usiombe samahani. Nenda kwenye ala ukazitazame kwa jicho hilo. Endongo ya Buganda, ile ya nyuzi, ilikuwa inawambwa ngozi ya kenge. Amadinda, ala ya vibao vya kugonga, vibao vyake ni vya mti wa lusambya, na hulazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji hukaa wakitazamana, huyu akijaza nafasi aliyoacha yule. Ngoma ni gogo zima na ngozi ya ng'ombe. Sisemi wazee walikuwa malaika. Nasema kila sauti ilikuwa na bei msituni, na aliyepiga aliijua bei hiyo, kwa sababu gogo alilibeba mwenyewe. Wewe ukifungua simu unajua kila kipande kilichimbwa wapi?

Fundi Simu Wandegeya: Hahaha, umenishika. Kobalti ni ya Kongo, hiyo najua. Nyingine sijui.

Mkongo wa Katwe: Kobalti tunaijua sana sisi. Endelea mwalimu.

Mzalendo256: Jengo la mkoloni, limechorwa na Mjerumani, tunalipigia magoti la nini? Lingebomolewa tu tujenge la kwetu.

Mwandishi: Hakuna aliyepiga magoti. Nimesema simama, utazame madirisha. La kwetu ambalo lingejengwa lilikuwa ghorofa 60 za biashara, na sikuona popote kwamba lingekuwa na paa la nyasi. Na kama hoja ni nani alichora, basi sehemu za Kololo na Naguru nazo tubomoe, tuanze na nyumba za wakubwa.

Mzalendo256: Usinigeuzie maneno.

Mwandishi: Umesoma hatua ya 7?

Dada wa Fort Portal: Mimi nilisoma mahali kwamba makumbusho yako Old Kampala. Nimepanda kilima chote nimekuta msikiti.

Mwandishi: Pole dada, ulisoma historia ukadhani ni ramani. Yalianzia huko 1908. Sasa kilima hicho kina Msikiti wa Taifa, ule watu wanauita wa Gaddafi. Ila safari haikupotea. Ukirudi, omba kupanda mnara wake, utaona Kampala yote na vilima vyake, na utaona pia mabonde. Yaangalie mabonde vizuri. Mengi yalikuwa kinamasi cha mafunjo, na ndiyo yanayofurika kila mvua ikinyesha kwa sababu tumeyajenga.

Mwanafunzi wa Kyambogo: Je, vile vitu vilivyopelekwa Uingereza vimerudi? Nataka kuandika insha.

Mwandishi: Vimerudi kwa awamu mbili ninazozijua vizuri. Vitu vitakatifu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, vilikuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, vikarudishwa wakati wa uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha Juni 2024 chuo hicho hicho kikarudisha vitu 39. Soma masharti: vya 2024 vilirudi kwa mkopo wa miaka 3 unaoweza kuongezwa. Mwenye mali kukopeshwa mali yake, hapo ndipo insha yako ianzie. Kile kichwa cha udongo cha Luzira, kilichofukuliwa 1929, bado kiko London.

Mwanafunzi wa Kyambogo: Asante sana mwalimu. Naweza kukutumia insha uipitie?

Mwandishi: Tuma. Isizidi kurasa nne.

Opondo wa Tororo: Hapo jirani si ndipo wanapouza vibali vya kuona sokwe wa milimani? Nina mgeni kutoka Mwanza.

Mwandishi: Ndipo. Ofisi kuu za mamlaka ya wanyamapori ziko barabara hiyo hiyo ya Kira. Raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda, mgeni wa mbali analipa mamia ya dola, kwa hiyo mgeni wako wa Mwanza asiache pasipoti hotelini. Na afanye mapema, siku za likizo hujaa.

Mwalimu wa Jinja: Mimi nina darasa zima, watoto 60. Naweza kuja nao tu?

Mwandishi: Andika barua kwanza, utaje tarehe, idadi na darasa, omba mtu wa kuwaongoza. Kisha wagawe makundi matatu: moja ndani, moja kwenye ala, moja uani, mbadilishane. Umesoma lile onyo la kalamu?

Mwalimu wa Jinja: Nimesoma. Mkuu wa shule lakini hudai daftari zilizojaa.

Mwandishi: Zijazeni kwenye basi mkirudi. Foleni ya kutoka Kampala itawatosha kuandika kitabu.

Kijana wa Nansana: Na chakula?

Mwandishi: Swali zuri, hatimaye. Vuka uende Kamwokya, kuna rolex, chapati iliyokunjwa na mayai, kila kona. Omba mayai mawili na nyanya nyingi. Kaveera yake, ule mfuko wa plastiki, usiiache kwenye majani ya makumbusho, askari wa pale nawafahamu.