Ukialika 22 wakaja watatu: namna ya kuivuka pati mbovu ya vyombo

Saa tisa na nusu alasiri, Mbagala Rangi Tatu. Sebule ya mwenyeji wangu imefagiwa, makochi yamesogezwa ukutani, mkeka mpya umetandikwa katikati. Nimepanga makopo yangu ya plastiki kuanzia lile dogo la chumvi hadi la lita tano la unga, kama watoto kwenye picha ya shule. Kwenye hotipoti kuna sambusa 60. Wageni 22 wamesema wanakuja. Ilipofika saa kumi na robo walikuwepo watatu: mdogo wake mwenyeji, ambaye anaishi humo humo ndani, jirani wa mlango wa pili na mtoto mgongoni, na bibi mmoja aliyekuwa amefuata deni lake la mkaa, akaombwa akae.

Niliuza 72,000. Nikarudi Temeke kwenye bajaji iliyojaa mzigo ule ule niliokwenda nao, hotipoti mapajani. Huu ni mwaka wangu wa saba nauza vyombo vya jikoni majumbani mwa watu, mwenyeji anaalika wageni, mimi naonyesha na kuuza, na pati za namna hiyo nimezipata nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Naandika kwa mwenzangu ambaye imemkuta wiki hii na anafikiria kurudisha katalogi aachane na kazi hii.

Pale pale, watu wanapokosekana

Simu iweke kwenye pochi. Miaka yangu miwili ya kwanza nilikuwa nasimama mlangoni napigia watu: "Umefika wapi, shoga?" Waliokuja wanakusikia. Kila simu unayopiga inawaambia kwamba wao si wageni, ni wasindikizaji. Na mwenyeji naye anazidi kunywea, maana yeye ndiye aliyealika na aibu imeanzia kwake kabla haijakufikia wewe. Atatuma mtoto akagonge milango ya majirani, atatoa udhuru mpaka wa watu asiowajua. Mwite jikoni, mwambie kwa sauti ya kawaida: "Dada, hawa wanatosha, tuanze." Mimi nasubiri dakika 20 baada ya saa niliyotaja, basi.

Kisha ipunguze sebule. Toa viti vitupu, kaa chini mkekani na wenzio, rudisha mzigo kwenye begi ubakize vyombo vinne. Watu watatu mbele ya vyombo 30 wanajiona kama wametegwa wavinunue vyote, na mtu akishajiona ametegwa anakumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni.

Halafu fanya jambo ambalo wageni 20 wasingekuruhusu: omba ruhusa muingie wote jikoni. Siku ile ya Mbagala nilimuuliza mwenyeji anahifadhi wapi dagaa. Akacheka kwa aibu, akatoa kwenye friji ndoo ya siagi iliyopasuka kifuniko. Friji zima lilikuwa linanuka dagaa, hata juisi ya ukwaju niliyokuja nayo mwenyewe ilishaanza kuchukua harufu. Nikawamimina kwenye kopo la lita moja na nusu. Nikabonyeza kifuniko katikati kwa kiganja, nikainua pembe yake kidogo kwa kidole gumba. Kikatoa pumzi, pfff, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Nikaiachia pembe, nikalipangusa kopo kwa kitambaa, nikampa bibi wa mkaa. Akalinusa juu, akaligeuza, akalinusa chini, akalitikisa sikioni.

"Humu dagaa wamo kweli?"

Hakununua. Alisema hela yake ya kununulia anayo mwenyeji. Tulicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka, na mwenyeji, kwa kicheko hicho hicho, akamlipa nusu ya deni. Jirani alichukua makopo mawili. Mdogo wa mwenyeji akachukua moja.

Mtego mmoja wa jioni kama ile: kukopesha ili siku isiharibike. Unataka kurudi nyumbani na namba nzuri kwenye daftari, basi kila anayesema "nitakupa mwisho wa mwezi" unampa chombo aondoke nacho. Usifanye. Wanaofuata mkumbo wa kukopa kwenye pati mbovu wamekuonea huruma tu, na huruma hailipi kwa wakati. Pokea kianzio, hata kama ni 5,000, andika jina na namba ya simu, chombo ondoka nacho mpaka amalizie.

Hesabu, lakini si usiku huo

Usiku wa pati mbovu kila hesabu inakuja na machozi. Lala. Asubuhi chukua kalamu.

Zangu zilikuwa hivi. Bajaji kwenda na kurudi, 14,000. Nyama, unga na mafuta ya sambusa, 16,500. Ukwaju, sukari na soda za watoto, 5,000. Zawadi ya mwenyeji, 8,000. Jumla 43,500. Kamisheni yangu ni robo ya mauzo, kwa hiyo kwenye 72,000 nilipata 18,000. Hasara 25,500.

Sasa ifanye hesabu hiyo kinyumenyume, maana hapo ndipo nilipoamka. Ili kurudisha 43,500 kwa kamisheni ya robo, lazima niuze 174,000 kabla sijapata hata senti ya kwangu. Kwa nini nimejiwekea ukuta mrefu hivyo? Kwa ajili ya sambusa 60 na bajaji ya kubeba mzigo ambao nusu yake hakuna aliyeugusa. Siku hizi gharama za pati yangu hazivuki 16,000: begi moja la mgongoni, daladala, na mengine yote yako kwenye katalogi. Hapo nikiuza 64,000 nimeshajirudisha. Mauzo yale yale ya Mbagala, yaliyoniliza, leo yangenipa elfu mbili juu. Elfu mbili si kitu, najua, ila nisingelala na deni la hotipoti.

Simu ya kesho yake

Anza na mwenyeji, kabla hajaanza kukukwepa sokoni. Mshukuru kwa nyumba yake, mwulize dagaa wanaendeleaje. Habari ya ambao hawakuja usiigusie hata kidogo. Acha aigusie yeye. Ataigusia. Na hapo ndipo utakapojua ukweli: kumbe siku hiyo kulikuwa na msiba mtaa wa pili, kumbe kikoba chao hukaa Jumamosi hiyo hiyo ya pili ya mwezi, kumbe fulani na fulani hawaongei tangu mwaka jana na kila mmoja alidhani mwenzake atakuwepo. Mimi nilikuwa nimekesha nikijiuliza kama nina sura mbaya.

Waliokosa watumie ujumbe mmoja tu, usio na "mbona". Wangu huwa: "Habari za leo dada, jana tulikukosa. Nikuletee katalogi uiangalie kwa nafasi yako?" Asiyejibu umwache. Katika wale waliokosa Mbagala walijibu sita, wakanunua wawili, jumla 118,000, ndani ya wiki mbili. Ukijumlisha na 72,000 inakuja 190,000, kamisheni 47,500. Toa gharama: faida 4,000. Si habari ya kupigiwa vigelegele. Lakini ndiyo sababu nakwambia pati usiifungie daftari siku ile ile.

Walisema watakuja, au ulisikia vibaya?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pati nyingi zinaharibika siku ya kualika, siku yenyewe unakwenda kuona matokeo tu.

Kwetu mtu hakwambii "sitakuja" machoni. Si uongo, ni adabu. Kwa hiyo yafunze masikio. "Nitajitahidi" maana yake hapana. "Mungu akipenda", ikisemwa huku anaendelea kuchambua mchele, ni hapana pia. Ikisemwa huku amekutazama, huenda. "Nikipata nafasi nitapita" ni hapana yenye tabasamu. Anayekuja huwa anauliza maswali: saa ngapi hasa, nyumba ni ile yenye geti la bluu, naweza kuja na wifi yangu, na yale masufuria yatakuwepo? Mwenyeji akinipa orodha ya 22, namwomba aniwekee alama kwa waliomuuliza swali. Kwa kawaida wanabaki watano au sita. Hao ndio ninaowapikia.

Halafu kuna saa. Katalogi, mafunzo, picha za wanawake waliovaa vizuri wakicheka kwenye makochi, vyote vimetoka mbali. Mwaka 1951 Tupperware ya Marekani iliondoa vyombo vyake madukani ikawa inauza sebuleni tu, na aliyeusuka mtindo huo ni mama mmoja aliyeitwa Brownie Wise. Wateja wake wengi walikuwa wake wa nyumbani wanaotafuta sababu ya kukutana. Mteja wangu ni mama mwenye genge, na saa kumi jioni ndiyo saa yake ya kuuza nyanya! Ninamwitaje akae kwenye mkeka kunusa dagaa? Pati zangu mbili bora za mwaka jana nilizifanya nyuma ya genge, saa nane mchana jua likiwa kali na wateja hawapo, tumekalia ndoo na kreti za soda.

Tarehe ziko wazi, sitazichambua sana. Januari ni ada na sare. Masika barabara za ndani hazipitiki. Katikati ya mwezi mifuko imekauka. Kabla ya Ramadhani kina mama wananunua vyombo bila kubembelezwa. Ndani ya Ramadhani alasiri usimsumbue mtu.

Pointi

Baada ya pati mbovu utapigiwa simu na kiongozi wa timu yenu ya wauzaji. Ataongea kwa upole, atasema umebakiza pointi chache za mauzo kufikia daraja la juu, na kwamba "ukijinunulia mwenyewe mzigo kidogo" utakuwa umevuka. Niliwahi kuvuka hivyo miezi mitatu mfululizo. Chini ya kitanda changu kulikuwa na majagi 11. Nilipanda daraja, nikapewa cheti, nikala muhogo wiki nzima.

Yule Brownie Wise mwaka 1954 aliwekwa kwenye jalada la jarida la Business Week, mwanamke wa kwanza. Mwaka 1958 kampuni ikamwondoa, akatoka bila hata hisa moja. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa nimekaa juu ya kitanda chenye majagi. Tangu hapo bidhaa naagiza baada ya mteja kutoa kianzio, na kiongozi akipiga namwambia, kwa heshima zote, "Mama, mwezi huu nimekwama, tutavuka ujao." Hajawahi kunifukuza.

Pati tatu mbovu mfululizo mtaa mmoja, hama mtaa. Pati tatu mbovu kwenye mitaa mitatu, angalia bei: pengine chombo chenu kinapatikana Kariakoo kwa nusu, na wateja wameshakijua kabla yako.

Na sambusa? Siku hizi nakaanga 15. Nyingine 20 nabeba mbichi kwenye kopo langu mwenyewe, zimepangwa kwa karatasi katikati zisigandane, na watu wakizidi nakaanga pale pale kwa mwenyeji. Dirisha la jikoni naliacha wazi. Harufu ikitoka uani huwa inamleta jirani mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha, na huyo, sijui kwa nini, mara nyingi ndiye anayenunua lile la lita tano.