Namna ya Kuandika Historia ya Klabu ya Soka la Mchangani na Mali Zake

Klabu nyingi za soka la mchangani nchini Tanzania hazina hata karatasi moja inayoeleza zilianzishwa na nani na uwanja zinaoutumia ni mali ya nani, na upungufu huo huziumiza siku eneo linapotakiwa kwa ujenzi. Kazi ianze kwa waasisi walio hai.

Usimwulize mzee mwaka peke yake, kwa kuwa wengi hukumbuka tukio kuliko tarehe. Mwulize kama timu ilikuwepo kabla ya Uhuru wa 1961, wakati wa Vita vya Kagera, Taifa Stars ilipocheza fainali za Afrika mjini Lagos mwaka 1980, au Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Wahoji wazee kila mmoja peke yake; wakitofautiana, andika kauli zote na utaje nani kasema lipi. Fuatilia pia mabadiliko ya jina, kwani hata Simba iliwahi kuitwa Queens, Eagles na Sunderland kabla ya 1971. Kisha tafuta cheti cha usajili kilichotolewa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya 1967, mihtasari ya vikao, daftari la ada na picha za vikosi, na usisahau kugeuza kila picha, maana nyuma yake huenda pameandikwa majina.

Uwanja ndio unaostahili uangalifu mkubwa zaidi. Upime kwa futi kamba, ukizingatia kwamba kanuni zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, na kwamba goli lina mita 7.32 kati ya nguzo na mita 2.44 kutoka ardhini hadi mtambaa panya. Eleza bayana kama ardhi ni ya shule, ya serikali ya mtaa au ya mtu binafsi, na uambatishe nakala ya barua ya ruhusa. Kama ruhusa ilitolewa kwa mdomo tu, uongozi uombe barua sasa.

Mipira, jezi na nyavu ziorodheshwe pamoja na hali yake na jina la mtunzaji.

Rasimu isomwe kwa sauti katika mkutano mkuu ili wanachama waisahihishe, kisha nakala zihifadhiwe kwa katibu, ofisi ya serikali ya mtaa na chama cha soka cha wilaya.