Somo: Namna ya kulinganisha kauli za mbunge wako na kura alizopiga bungeni

Ndugu wanachama, kila mwaka Mswada wa Fedha, yaani mswada wa kodi za Serikali, unapofikishwa katika Bunge la Kitaifa la Kenya, watu huulizana mitandaoni, sokoni na ndani ya matatu: mbunge wetu alipiga kura gani? Ni swali la haki kabisa, ila limepungukiwa na kitu, kwa kuwa mbunge hapigi kura juu ya mswada kwa jumla jumla. Hupiga kura juu ya swali moja mahususi ambalo Spika amelitamka mbele ya Bunge siku fulani, na mswada mmoja unaweza kuzaa maswali mengi yasiyofanana. Asiyejua ni swali gani lililoulizwa anaweza kumlaumu mbunge aliyemtetea na kumsifu aliyemtupa, huku orodha anayoishika mkononi ikiwa sahihi. Nitaeleza hatua ninazozifuata, na mfano wangu utakuwa Mswada wa Fedha wa 2024, ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa uchungu.

Hatua ya kwanza: anza na suala

Usianze na jina la mbunge. Anza na jambo linalokugusa, kama vile bei ya mafuta au kodi ya mkate, uliandike kwa sentensi moja, kisha utafute ni miswada ipi iliyoligusa. Anayeanza na jina la mtu kwa kawaida ameshaamua jibu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Hatua ya pili: panga safari ya mswada kwa tarehe

Mswada husomwa kwa mara ya kwanza bila mjadala, kisha hupelekwa kwenye kamati, ambayo hupokea maoni ya wananchi kama Kifungu cha 118 cha Katiba kinavyotaka. Ukirudi bungeni husomwa kwa mara ya pili, na hapo swali ni kama Bunge linakubaliana na kusudi la mswada kwa ujumla wake. Baadaye wabunge huketi kama Kamati ya Bunge Zima na kuupitia kifungu kwa kifungu, ambapo marekebisho hukubaliwa au kukataliwa. Mwisho huja kusomwa kwa mara ya tatu, ambapo swali ni kama mswada upite ukiwa na marekebisho hayo.

Kwa mwaka 2024 tarehe za kushika ni hizi. Tarehe 18 Juni, baada ya wabunge wa Kenya Kwanza, muungano wa Rais, kukutana Ikulu, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, Kuria Kimani, alitangaza kwamba baadhi ya mapendekezo yangeondolewa, yakiwemo ushuru wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) wa asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya magari. Tarehe 20 Juni mswada ulisomwa kwa mara ya pili, wabunge 204 wakiunga mkono na 115 wakipinga. Tarehe 25 Juni ulipitia Kamati ya Bunge Zima na kusomwa kwa mara ya tatu, kura zikiwa 195 kwa 106, siku ileile waandamanaji walipoingia katika majengo ya Bunge na vijana wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini.

Tazama basi kinachotokea ukiweka kauli juu ya tarehe hizi. Tuseme mbunge fulani alitangaza mapema mwezi Juni kwamba hatakubali mkate utozwe VAT, kisha tarehe 20 akapiga kura ya ndiyo. Je, alisema hili akatenda lile? Kwa suala la mkate, hapana, kwa sababu siku ya kupiga kura ilikuwa imeshatangazwa kwamba pendekezo hilo linaondolewa. Lakini kama mbunge huyo alikuwa amesema kwamba ataupinga mswada wote, kura yake imepingana na neno lake, na tangazo la mkate halimwokoi. Maneno machache tu ndiyo yanayotenganisha hukumu hizi mbili, na ndiyo maana hatua inayofuata inataka uangalifu mkubwa.

Hatua ya tatu: kusanya kauli zikiwa kamili

Chanzo cha kwanza ni kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansard, zinazopatikana katika tovuti ya Bunge. Kila kikao kina tarehe na saa yake, na kila anayezungumza huandikwa jina, eneobunge na chama chake kwenye mabano. Aliyechangia kwa Kiswahili hunakiliwa kwa Kiswahili, kwa kuwa Katiba inaitambua lugha yetu kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa hiyo unapotafuta neno ndani ya waraka, lisake kwa lugha zote mbili, uandike "mafuta" na pia neno lake la Kiingereza, la sivyo utapitwa na hotuba nzima. Chini ya kurasa kuna tahadhari kwamba nakala ya mtandaoni ni ya kutoa taarifa tu, na kwamba iliyothibitishwa hutolewa na mhariri wa Hansard. Anayetaka kupeleka ushahidi mahakamani aitafute hiyo iliyothibitishwa.

Chanzo cha pili ni kauli za nje ya Bunge: mazishini, kanisani, redioni na katika akaunti za mitandao. Hizi ndizo zinazowafikia wapiga kura wengi, nami nazipa uzito sawa na za bungeni, maana ahadi aliyopewa mwananchi kwenye mazishi ya jirani yake ni ahadi. Hata hivyo, andika tarehe, mahali na sentensi nzima, pamoja na iliyotangulia na iliyofuata. Video ya sekunde kumi na tano hukata maneno kama "iwapo" na "isipokuwa", na mara nyingi kauli nzima huwa imebebwa na maneno hayo.

Hatua ya nne: tafuta kura yenyewe, na ujue ilipigwaje

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu maamuzi mengi ya Bunge hufanywa kwa kura ya sauti. Spika huuliza swali, wanaokubali huitikia, wanaokataa huitikia, naye hutangaza upande ulioshinda kwa kadiri alivyosikia. Hansard itaandika kwamba swali liliulizwa na kukubaliwa, basi. Hakuna jina hata moja. Majina hupatikana pale tu idadi ya wabunge inayotakiwa na Kanuni za Kudumu, yaani kanuni za kuendeshea Bunge, inapodai kura zihesabiwe, au Katiba inapotaka idadi maalumu ya kura. Hapo wabunge hupiga kura kwa mtambo au kwa kuitwa majina, na orodha ya walioafiki na waliopinga huchapishwa.

Linganisha mwaka 2018 na 2023 kuhusu jambo lilelile, ushuru wa mafuta. Tarehe 20 Septemba 2018 Bunge lilijadili pendekezo la Rais Uhuru Kenyatta la kutoza mafuta VAT ya asilimia 8. Suala hilo liliamuliwa kwa kura ya sauti katikati ya kelele na vurugu, na mwananchi anayetaka kujua mbunge wake aliitikia nini siku hiyo hana orodha ya kutazama. Tarehe 21 Juni 2023, kiwango kilipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, kura kuhusu kipengele hicho ilihesabiwa: 184 waliunga mkono na 88 wakapinga. Hiyo ni kura tofauti na ile ya tarehe 14 Juni, mswada uliposomwa kwa mara ya pili, iliyokuwa 176 kwa 81. Kwa hiyo anayesema kwamba mbunge fulani "alipitisha kodi ya mafuta" mwaka 2023 anapaswa kutazama orodha ya tarehe 21, wala si ya tarehe 14.

Mimi naamini kwamba kila kura ya mwisho kuhusu kodi inapaswa kupigwa kwa majina bila kusubiri wabunge waidai. Hadi hapo, andika wazi kwenye daftari lako: kura ya sauti, haijulikani. Usilijaze pengo hilo kwa kukisia kutokana na chama chake.

Hatua ya tano: andika ulinganisho kwa mistari mitatu

Mstari wa kwanza ni kauli na tarehe yake. Wa pili ni swali lililoulizwa na Spika, hatua ya mswada na tarehe. Wa tatu ni kura: ndiyo, la, alijizuia, hakuwepo, au haijulikani. Maoni yako yakae chini ya mistari hiyo mitatu, yasichanganywe nayo, ili asiyekubaliana nawe aweze kuukagua ushahidi bila kukuuliza.

Hatua ya sita: mpe mbunge nafasi ya kujibu

Andika barua fupi kwa ofisi yake ya eneobunge, ukinukuu mistari yako mitatu na kuuliza swali moja. Akikujibu, liweke jibu lake pale pale chini ya kumbukumbu, hata kama halikuridhishi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mbunge wangu hakuwemo katika orodha yoyote ya tarehe 25 Juni 2024. Je, nihesabu kwamba aliunga mkono?

Jibu: Hapana. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika. Kura za ndiyo na la zilijumlishwa kuwa 319 tarehe 20 na 301 tarehe 25, kwa hiyo wapo makumi ya wabunge ambao hawakuhesabiwa upande wowote, wengine kwa ugonjwa au safari, wengine kwa kuamua. Tazama tarehe zote mbili: aliyekuwepo tarehe 20 akakosekana tarehe 25 ana jambo la kueleza, na hapo barua ya hatua ya sita inafaa. Kumbuka pia kwamba uzito wa kutokuwepo hutegemea aina ya kura. Katika kura ya kawaida huhesabiwa waliopo na kupiga kura tu, kwa mujibu wa Kifungu cha 122, hivyo asiyekuwepo haongezi wala hapunguzi upande wowote. Lakini katika kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua tarehe 8 Oktoba 2024 zilihitajika theluthi mbili za wabunge wote, yaani 233, na hapo kukosa kufika kulikuwa na matokeo sawa na kupinga. Kura zilizounga mkono zilikuwa 282.

Swali: Nimepekua kumbukumbu za Seneti na sioni kura ya seneta wetu kuhusu Mswada wa Fedha wa 2024. Imefichwa?

Jibu: Haijafichwa, haikuwepo. Mswada wa kutoza kodi za kitaifa hushughulikiwa na Bunge la Kitaifa peke yake, kwa mujibu wa Vifungu vya 109 na 114 vya Katiba. Seneta anaweza kupimwa kwa kauli zake kuhusu mswada huo, lakini asilaumiwe wala kusifiwa kwa kura ambayo hakuwa na haki ya kuipiga.

Swali: Mswada uliangushwa. Kuna haja gani ya kuendelea kufuatilia kura zake?

Jibu: Kwa sababu mswada unaweza kuanguka na mapendekezo yake yakarudi kwa jina jingine. Tarehe 11 Desemba 2024 Rais alitia saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024, na ndani yake mlikuwa na baadhi ya mambo yaliyokuwa katika Mswada wa Fedha wa Juni, kama vile kodi mpya kwa kampuni za kigeni zinazopata mapato nchini kupitia mtandao. Aliyefuatilia suala aliliona likirudi. Mfungulie mbunge wako mstari mpya wa Desemba chini ya ule wa Juni.

Swali: Mbunge anaweza kubadilisha alichosema kabla Hansard haijachapishwa?

Jibu: Anaruhusiwa kusahihisha makosa ya unukuzi, lakini si kugeuza maana ya alichosema. Vikao hurushwa moja kwa moja kwa video, kwa hiyo ukishuku jambo, linganisha maandishi na picha.

Swali: Kuna mashirika yanayotoa alama za wabunge kila mwaka. Kwa nini tusitumie hizo tu?

Jibu: Zitumieni. Mzalendo Trust, shirika linalofuatilia kazi za Bunge, limefanya kazi kubwa na ya heshima ya kuonyesha ni nani huzungumza bungeni na nani hukaa kimya muhula mzima. Ila alama hizo hutegemea zaidi mchango wa mtu katika mijadala. Hazikuambii alisema nini mazishini, wala kama kura yake ililingana na hotuba yake.

Swali: Niko Dodoma. Je, utaratibu huu unafaa kwa Bunge la Tanzania?

Jibu: Unafaa, na kwa jambo moja ninyi mna nafuu. Kura ya kupitisha bajeti ya Serikali mwezi Juni hupigwa kwa kuita majina, na kila mbunge hujibu kwa sauti yake mwenyewe, hivyo kila mwaka ipo angalau kura moja ya fedha yenye majina. Hansard yenu nayo iko kwa Kiswahili. Kwa miswada ya kawaida mtakutana na kura ya sauti kama sisi, na mtaandika "haijulikani".

Swali: Orodha niliyoihitaji haipo kwenye tovuti. Niende wapi?

Jibu: Mwandikie Karani wa Bunge la Kitaifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, utaje tarehe ya kikao, jina la mswada na hatua yake. Sheria inampa afisa siku zisizozidi 21 kukujibu. Huhitaji kueleza kwa nini unaitaka orodha hiyo. Weka nakala ya barua yako ikiwa na muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa siku hizo huanza kuhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa.