Somo: Msumari wa mbao za sakafu upigwe wapi?

Wengi hapa Mwanza huanza kwa kuuliza mashine ya kupigia. Mimi nauliza kwanza: chini kuna nini? Nyumba zetu nyingi zina jamvi la zege, na msumari wa sakafu haushiki kwenye zege.

1. Jamvi likishakauka, tandika nailoni nzito. Juu yake funga mbao za mbili kwa mbili kwa skrubu na fisha (vile vidude vya plastiki vinavyoshika skrubu kwenye zege), zisiachane zaidi ya sm 40.

2. Mbao za sakafu zizoee hewa ya chumba wiki moja au mbili. Mninga uliokaushwa Tabora ukija huku ziwani hunyonya unyevu na kutanuka, kwa hiyo acha mm 15 pembezoni mwa kuta zote. Skatingi, yaani ubao wa chini ya ukuta, itaficha.

3. Safu ya kwanza na ya mwisho pigilia kwa juu, maana ukutani nyundo haipati nafasi. Zamisha vichwa kwa panchi, ziba.

4. Safu nyingine zote, msumari uingie kwenye ulimi (ukingo mwembamba uliochomoza ubavuni, unaoingia kwenye mfereji wa ubao unaofuata), ukiwa umelala nyuzi 45, kila unapokutana na mbao ya chini. Ubao wa mm 20 unatosha msumari wa inchi 2. Mninga au mkongo toboa kwanza kwa keekee nyembamba kuliko msumari. Usipotoboa, ulimi unapasuka. Kichwa kikibaki nje hata kidogo, ubao unaofuata hautakaa.

Mashine ya kompresa inaokoa muda, umeme ukiwepo. Kwa mbao ngumu chagua inayopiga misumari yenye meno, si pini za U.

MASWALI

– Fundi, mimi chini nina plaiwudi, si zege.
Ikiwa ni ya mm 18, sawa kabisa. Piga kila sm 20 hadi 25, na sm 5 kutoka ncha ya ubao.

– Nimebakiza misumari ya bati, inafaa?
Hapana kaka. Kichwa kile kitaingia wapi?

– Yangu inalia nikikanyaga, na ilishapigwa vanishi.
Pole dada. Angalia kwanza kingo za mbao. Zikiwa zimeinuka kuliko katikati, unyevu unatoka chini: tafuta bomba linalovuja kabla ya kugusa nyundo. Zikiwa sawa, toboa kwa juu palepale panapolia, kaza skrubu nyembamba hadi mbao ya chini, kisha ziba kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao hiyohiyo.